Zima Simu, Fungua Riwaya: Saa Moja ya Kujipumzisha Karagwe na Kyerwa

Kahawa imeanuliwa, sufuria limeoshwa, watoto wamelala. Je, wewe umepumzika?

Mpenzi msomaji, muulize mama yeyote wa Kayanga, Nkwenda au Murongo kwamba anapumzika saa ngapi, uone atakavyokucheka. Kupumzika kwake ni kubadilisha kazi. Akitoka shambani anamenya ndizi, akimaliza ndizi anachambua maharage, na msimu wa kahawa ukifika ndiyo kabisa, hata kukaa hakuna. Siku akionekana ameketi na kitabu dakika kumi tu, lazima atokee mtu wa kusema, "Huyu naye kazi zimemwisha?"

Hapo ndipo penye tatizo. Baba akienda kunywa rubisi jioni na wenzake, tunaita kupumzika. Mama akishika riwaya, tunaita uvivu. Matokeo yake uchovu unarundikana, unageuka hasira, na hasira hiyo inaishia kwa watoto au chumbani kwa mwenza ambaye hata hajui kakosea nini.

Mwezi huu basi tuzungumzie starehe mbili za gharama ndogo: kusoma riwaya na kupaka rangi. Zote unazifanya ukiwa nyumbani, hazina nauli, hazina hangover, na hazikudai uvae upendeze.

RIWAYA: SAFARI ISIYO NA NAULI

Riwaya nzuri inakutoa kwenye mawazo yako na kukuingiza kwenye ya mtu mwingine. Kwa saa moja deni la kikundi si lako, ugomvi wa shamba si wako. Ukirudi, matatizo yapo palepale, ila wewe uliyerudi una nguvu mpya.

Na si maneno matupu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 3,635 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, kwa miaka 12. Waliokuwa wanasoma vitabu waliishi kwa wastani karibu miezi 23 zaidi ya wasiosoma kabisa. Hiyo haina maana kwamba kitabu ni dawa ya kifo. Lakini atakayekwambia kusoma ni kupoteza muda, mpe habari hiyo.

Uanze na kipi? Watu wa Kagera tuna bahati, maana majirani zetu wa Ukerewe wametutendea haki. Aniceti Kitereza alikamilisha kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945 kwa Kikerewe, na kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Ni habari ya mume na mke wanaopendana lakini hawajapata mtoto, huku ndugu wakiwasakama. Wakwe wanamchukua binti yao, na mume inambidi atafute pombe ya ndizi akamkomboe mkewe. Mtu wa Karagwe hahitaji kutafsiriwa hapo!

Mwingine wa Ukerewe ni Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020. Rosa Mistika yake ya mwaka 1971 inamhusu binti aliyelelewa na baba mlevi na mkali kupita kiasi, na yanayompata akiondoka nyumbani. Wazazi wenye mabinti wanaokwenda shule za bweni, isomeni wote wawili halafu mzungumze.

Kama unapenda mambo ya risasi na upelelezi, kuna Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Waliokuwa vijana miaka ya 2000 wanakumbuka jinsi magazeti yenye hadithi za Eric Shigongo yalivyogombaniwa, yakapita mikono kumi mpaka karatasi zikachanika. Na kwa anayetaka kujua kwa nini Mtanzania mwenzetu Abdulrazak Gurnah alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, riwaya yake Paradise ipo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi.

UTAIPATA WAPI?

Kusema kweli kupata riwaya ni kazi. Steshenari zetu nyingi zinauza madaftari na vitabu vya shule, na maktaba ya mkoa iko Bukoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kayanga. Kwa hiyo tumieni akili. Mkiwa kumi kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kila mmoja akinunua riwaya moja, kila mtu tayari ana riwaya kumi za kusoma. Anayekwenda Bukoba au Mwanza mpe oda. Wapo pia waandishi wanaouza hadithi zao kwa WhatsApp, sehemu kwa sehemu. Hao walipe, usisubiri ya kuibiwa, kwa sababu mwandishi naye anakula.

RANGI SI ZA WATOTO PEKE YAO

Hapa najua wengine mmeguna. Mtu mzima na penseli za rangi? Ndiyo. Mwaka 2013 mchoraji wa Uskoti, Johanna Basford, alitoa kitabu cha kupaka rangi kwa ajili ya watu wazima. Vitabu vyake vimeuzwa kwa mamilioni, na wanunuzi ni watu wenye kazi na familia kama wewe.

Siri yake ni nini? Mwaka 2005 watafiti wawili, Curry na Kasser, waliwachukua wanafunzi 84 wa chuo, wakawatia wasiwasi kwanza, kisha wakawapa rangi kwa dakika 20. Waliopaka michoro ya duara yenye mpangilio, na waliopaka miraba kama ya shuka, walitulia. Waliopewa karatasi tupu wajichoree walibaki na wasiwasi wao. Jaribio liliporudiwa mwaka 2012, duara ndilo lililobaki kidedea.

Maana yake ni rahisi. Mchoro wenye mpangilio unaipa akili kazi ndogo ya kutosha kuishughulisha, lakini haukulazimishi kuamua mambo makubwa. Karatasi tupu inakuuliza, "Haya, unataka nini?" na aliyechoka hataki maswali.

Bibi zetu walilijua hilo bila utafiti. Mwangalie anayesuka kikapu: anaanzia katikati, anazunguka, rangi hii, rangi ile, uso umetulia. Ng'ambo ya Mto Kagera, mashariki mwa Rwanda, kuna sanaa ya imigongo, michoro ya pembepembe inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na kupakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ni utulivu uleule.

Huna kitabu cha rangi cha watu wazima? Usihangaike. Weka sahani juu ya karatasi, chora duara. Ndani yake chora madogo zaidi kwa kikombe na kifuniko cha chupa, yagawanye kwa rula, kisha nakili urembo wa kitako cha kikapu chako. Pakiti moja ya penseli za rangi za watoto inatosha. Ila nunua yako, usinyang'anye ya mwanao!

ONGEA NA MWENZA WAKO

Haya yote hayatawezekana kama nyumbani hamjakubaliana. Saa ya kuiba ina wasiwasi, na saa yenye wasiwasi haipumzishi. Kwa hiyo:

1. Iombe kwa uwazi. Mwambie, "Baba fulani, Jumapili mchana nataka saa moja yangu, watoto utabaki nao." Usisubiri agundue mwenyewe kwamba umechoka.

2. Mpe na yeye ya kwake, na usimpigie simu kila dakika tano.

3. Zima simu. Ukisoma ukurasa mmoja na meseji tatu, hujasoma wala hujapumzika.

4. Anza na kidogo: kurasa kumi, au duara moja.

5. Siku nyingine fanyeni pamoja. Mmoja asome kwa sauti, mwingine apake rangi. Mtashangaa mtakavyoongea mambo ambayo hamjayaongea tangu uchumba.

Na wewe kaka unayesoma hapa, usimcheke mkeo. Mke aliyepumzika ana maneno laini, ana kicheko, na usiku hageukii ukutani. Hesabu mwenyewe faida ni ya nani.

Neno la tahadhari: kitabu na rangi ni vya uchovu wa kawaida. Kama huzuni haiondoki kwa wiki kadhaa, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usijifiche nyuma ya riwaya. Mwambie mtu unayemwamini na nenda kituo cha afya mapema.

Kazi za shamba haziishi, na wala hazitakuja kuisha siku moja ili wewe ndipo upumzike. Basi chagua siku wiki hii, mwambie mwenza, na ufungue ukurasa wa kwanza. Tukutane mwezi ujao!