Saratani ya Taya: Ugonjwa Mmoja, Sababu Nyingi

Leo ni somo la afya. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: seli, kirusi, jeni. Tutayatumia sana.

Tuanze na jambo mnalolijua vema ninyi wa Kigombe. Dau limezama. Watu wanauliza, limezamishwa na nini? Mmoja asema kalafati ilikuwa imetoka, maji yakaingia. Wa pili asema lilipakiwa mno. Wa tatu asema ni upepo wa kusi. Ni nani aliyesema kweli? Wote watatu. Dau lenye kalafati mbovu laweza kufika pwani ikiwa mzigo ni mwepesi na bahari ni shwari. Lakini mambo hayo matatu yakikutana siku moja, dau huzama.

Saratani nayo mara nyingi huja hivyo. Nitawaeleza juu ya saratani moja ya watoto iliyowafundisha wataalamu jambo hili, nayo ilichunguzwa hapa kwetu Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya za juu na za chini, kulia na kushoto. Baada ya muda mfupi, akiwa hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Akaanza kutafuta katika kumbukumbu za wagonjwa. Akaona watoto wengine wengi, na baadhi yao walikuwa na uvimbe tumboni pia. Mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo, na sasa unaitwa kwa jina lake.

Burkitt hakuishia hapo. Aliuliza: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Akapeleka barua na picha kwa hospitali nyingi. Oktoba 1961 akaondoka Kampala na wenzake wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, kwa motokaa kuukuu. Walisafiri kama maili 10,000 kwa muda wa majuma kumi, hata Afrika ya Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Walipochora ramani, waliona kwamba ugonjwa upo zaidi penye joto na mvua, na ni nadra milimani penye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria.

Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walipata kirusi ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda. Kirusi ni kidudu kidogo mno kinachoishi ndani ya seli, na seli ni vyumba vidogo vinavyojenga mwili. Yaweza kudhaniwa kwamba mwenye hatia amekwisha kukamatwa. Lakini kirusi hicho kimo katika miili ya watu wazima wengi duniani, hata Ulaya, na wengi hakiwadhuru. Basi kirusi peke yake hakitoshi. Malaria nayo haitoshi, kwa maana watoto wengi mno huugua malaria, na wachache sana hupata saratani hii.

Jambo la tatu lilionekana ndani ya seli yenyewe. Kila seli ina maagizo yake, na kila agizo huitwa jeni. Kufika mwaka 1982 wataalamu walikuwa wamegundua kwamba katika saratani hii jeni moja, iitwayo MYC, imekatika na kuunganishwa mahali pasipo pake. Jeni hii huamuru seli iongezeke. Ikihamishwa hivyo, amri haikomi, na seli huongezeka usiku na mchana.

Sasa tuunganishe. Malaria inayorudi mara kwa mara huzichochea chembe nyeupe za damu ziongezeke kwa wingi. Katika kazi hiyo ya haraka, jeni huweza kukatika vibaya. Kwa kawaida seli iliyoharibika hufa. Lakini kirusi husaidia seli hiyo isife. Hapo ndipo dau linapozama.

Siku hizi wataalamu wanaweza kusoma jeni zote za seli, kama 20,000 hivi, na kutumia kompyuta kuona jinsi zinavyoamrishana. Hawatazami uzi mmoja. Wanatazama wavu wote. Ukivuta uzi huu, ni upi mwingine unaokaza, na upi unaolegea? Kwa njia hii hutafuta mahali ambapo dawa yaweza kuizuia saratani.

Kazi hii si rahisi. Toka 1977 hata 1982, katika wilaya ya Mara Kaskazini hapa Tanzania, watoto walipewa vidonge vya klorokwini ili kuona kama malaria ikipungua saratani hii nayo itapungua. Saratani ilipungua kweli, lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla ya vidonge. Kwa hiyo wataalamu hawakuweza kukata shauri. Hivyo ndivyo elimu ya kweli inavyosema: haidai kujua lisilothibitishwa.

Sisi tufanye nini? Kwanza, mtoto alale ndani ya chandarua, na akishikwa na homa apimwe malaria upesi. Pili, mtoto akivimba taya, au meno yake yakilegea bila sababu, au tumbo likivimba, msingoje. Msiseme ni jino tu, wala msitafute aliyemroga. Uvimbe huu waweza kukua mara mbili kwa siku moja au mbili. Mpelekeni kituo cha afya, naye mganga atampeleka mbele, Bombo au Muhimbili. Ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa, na watoto wengi waliowahi wamepona. Anayecheleweshwa yumo hatarini. Tatu, saratani hii haiambukizi. Msimtenge mtoto, wala msimlaumu mama yake.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini kirusi peke yake hakitoshi kuleta saratani hii?
2. Burkitt alijifunza nini kwa kuuliza mahali ambapo ugonjwa haupo?
3. Mtoto wa jirani amevimba taya leo asubuhi. Nauli haipo. Darasa lenu litafanya nini kabla ya jua kuchwa?

Swali la tatu lijibiwe na kila mtu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.