Akiba Haiozi Ikihifadhiwa Vema Wakati wa Kusi

Katika nchi za Ulaya, kabla ya majira ya baridi kuingia, watu huingiza ndani vyungu vya maua, humwaga maji yaliyobaki katika mabomba ya bustani, na hufunika mizizi ya miche kwa majani makavu. Sababu yake ni kwamba maji yakiganda hutanuka, nayo huweza kupasua bomba la chuma na kuua mmea. Hata hapa Kenya wakulima wa nyanda za juu wanaijua hasara hiyo. Mwezi wa Januari 2012 jalidi iliunguza majani ya chai katika mashamba ya Kericho.

Mtu wa Malindi au Kilifi hana haja ya kuogopa jalidi. Hata katika Julai na Agosti, miezi ya baridi ya pwani, joto la usiku huwa karibu na digrii 20. Lakini isidhaniwe kwamba miezi hiyo haina hasara. Adui wa vyombo, akiba na bustani katika pwani ni unyevu na chumvi, na vyote viwili huletwa na upepo wa Kusi.

KAZI YA UPEPO

Kusi huanza kuvuma karibu na mwezi wa Aprili, hupata nguvu Juni na Julai, kisha hupungua kuanzia Septemba. Upepo huu hupita juu ya Bahari ya Hindi kabla ya kufika nchi kavu, na njiani huchukua mvuke wa maji pamoja na chembe ndogo za chumvi kutoka katika mawimbi. Chembe hizo hutua juu ya mabati, majembe, nguo na majani ya mimea. Kwa kuwa chumvi huvuta maji kutoka hewani, kitu kilichoguswa nayo hubaki na unyevu hata siku ambayo mvua haikunyesha. Ndiyo maana jembe lililosahauliwa nje karibu na bahari huota kutu upesi kuliko jembe la mtu wa bara.

VYOMBO VYA NYUMBANI

Kazi ya kwanza ifanywe wakati wa Kaskazi, jua lingali kali. Mwenye nyumba akague paa. Makuti yaliyooza yaondolewe na mapya yafungwe barabara, hasa upande unaoelekea kusini na baharini. Misumari ya mabati iliyolegea ipigiliwe tena.

Vyombo vya chuma, kama jembe, panga na baiskeli, vioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, vikaushwe kabisa, kisha vipakwe mafuta. Kupaka mafuta juu ya chumvi ni kazi bure, kwa maana kutu huendelea chini yake. Cherehani nayo ipanguswe, itiwe mafuta yake na kufunikwa.

Nguo zisifungiwe sandukuni zikiwa na unyevu, kwani zitaota koga. Zianikwe kila jua litokapo, na sanduku liinuliwe juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta. Hati za shamba, vyeti vya kuzaliwa na vya shule vitiwe katika mfuko wa plastiki uliokauka na kufungwa vema, maana karatasi iliyoliwa na koga haisomeki tena.

Hapa pana onyo moja. Watu wengine huingiza jiko la makaa chumbani usiku ili wapate joto au kukausha nguo, nao hufunga mlango na madirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hafi kwa moto bali kwa hewa hiyo, bila ya kuamka. Jiko la makaa lisilale ndani ya chumba kamwe.

AKIBA YA MAHINDI

Jambo kubwa kuliko yote ni chakula. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua za masika huvunwa karibu na Julai na Agosti, yaani wakati ambao manyunyu ya Kusi hayajaisha. Basi mkulima wa pwani huvuna katika majira yasiyofaa kukaushia, na hapo ndipo hatari ilipo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini mahindi yaliyotiwa ghalani na unyevu huoza, tena huota kuvu iletayo sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii huharibu ini la mwanadamu. Haiondoki kwa kuosha, wala kwa kupika, wala kwa kusaga. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Wataalamu waliochunguza msiba huo waliona kwamba chanzo chake kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa katika unyevu. Mahindi yaliyoota kuvu yasipewe hata kuku au ng'ombe, kwani sumu huweza kupita katika maziwa na kumrudia mtu.

Kinga yake ni kukausha. Mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu, kwa sababu kuvu hiyo huishi udongoni. Yatandazwe juu ya jamvi au turubai, tabaka jembamba, yageuzwe mara kwa mara, na kuingizwa ndani mara wingu litokeapo. Uchaga wa wazee, uliojengwa juu ya meko, ulikuwa na maana yake: joto la moto hukausha na moshi hufukuza wadudu.

Kiasi kinachotakiwa ni kwamba unyevu wa punje usizidi sehemu 13 na nusu katika 100. Asiye na kipimo aweza kutumia chumvi. Atie chumvi iliyokaushwa vema katika chupa kavu, hata ifike robo, aongeze mahindi mpaka nusu, aizibe, aitikise, kisha aiache kwa muda wa robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi hayajakauka. Ikianguka chini yote, yako tayari.

Baada ya hapo magunia yawekwe juu ya vichaga vya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa huua fukusi na dumuzi kwa kuwanyima pumzi. Lakini mahindi mabichi yakitiwa humo, mfuko huo hautayaponya.

BUSTANI

Mimea iliyo karibu na bahari huungua majani upande wa upepo. Ua wa mivinje au miti mingine huivunja nguvu ya Kusi, na kivuli chake cha upepo huweza kufika mbali mara kumi ya kimo chake. Ua uwe na nafasi za kupitisha hewa kidogo. Ukuta usio na tundu huurusha upepo juu, nao huanguka upande wa pili kwa kishindo na kuvunja miche.

Miche ya nyanya na pilipili izungushiwe makuti upande wa kusini. Matuta yainuliwe ili maji ya mvua yasituame. Upepo wa baharini ukivuma sana usiku, majani yanyunyiziwe maji baridi asubuhi ili chumvi ioshwe. Isifanywe jioni, maana jani linalolala na maji hukaribisha maradhi.

Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zahitaji kufanywa mapema, na ile ya mahindi ifanywe bila ya haraka. Mkulima aliyekwisha kuvuna na aongeze siku mbili au tatu za jua kabla ya kufunga gunia, kwa kuwa siku hizo ndizo zitakazoamua kama watoto wake watakula chakula au sumu.