Kabla ya Kununua Flashi, Tazama Juu ya Kamera Yako

Mwaka jana, katika karamu ya walima mtaani kwetu, babu wa bwana harusi alisafiri siku nzima kutoka kijijini ili aishuhudie furaha ya mjukuu wake. Sisi wa kamati ya msikiti tulikuwa tumejitolea kupiga picha, ili familia ipunguziwe gharama ya mpigapicha wa kulipwa. Kamera tulikuwa nayo, Canon EOS 2000D, iliyonunuliwa kwa michango ya waumini kwa ajili ya shughuli za madrasa. Tulikuwa pia na flashi mpya ya kupachika juu yake, tuliyoinunua wiki ile ile.

Magharibi ilikuwa imekwishapita na taa za ukumbi zilikuwa hafifu. Mzee alipoketi kando ya mjukuu wake, tulibonyeza kitufe cha kamera. Flashi haikuwaka. Tukabadili betri, tukaichomoa na kuipachika upya, haikuwaka. Hatimaye tuliiweka kando tukatumia kitaa kidogo cha kamera yenyewe, lakini kutoka tulipokuwa tumesimama mwanga wake haukumfikia mzee. Miezi minne baadaye alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika picha iliyobaki kwa familia, kanzu yake yaonekana, ila uso wake ni kivuli.

Kosa lilikuwa letu, na lilifanyika dukani. Tuliuliza bei kabla ya kuuliza kama flashi ile yaelewana na kamera yetu. Muuzaji alibonyeza kitufe cha majaribio kilicho nyuma ya flashi, mwanga ukatoka, nasi tukalipa. Hatukujua kwamba kitufe kile huthibitisha tu kuwa flashi ni nzima. Hakithibitishi kuwa kamera itaweza kuiamuru iwake. Kwa kuwa vijana wengi na wazazi wao hununua vifaa vya namna hii kwa akiba ya muda mrefu, tumeona ni wajibu kuyaeleza tuliyojifunza.

Msomaji na achukue kamera yake, aitazame juu, usawa wa jicho la kuchungulia. Ataona kipachikio cha chuma chenye kingo mbili, na ndani yake vinundu vidogo vya kupitishia umeme. Katika kamera nyingi kuna kinundu kikubwa cha katikati, ambacho hubeba amri moja tu: waka sasa. Vinundu vidogo vinavyokizunguka hubeba mazungumzo marefu zaidi baina ya kamera na flashi, kama vile kiasi cha mwanga kinachohitajika. Kinundu cha katikati hufanana kwa kampuni nyingi. Vile vidogo kila kampuni huvipanga kwa namna yake, na ndiyo maana flashi ya Nikon haizungumzi na Canon.

Flashi za bei nafuu kabisa, kama Godox TT600 na Yongnuo YN560 IV, hutegemea kinundu cha katikati peke yake. Ni flashi zenye nguvu, na zikipachikwa juu ya kamera kama Nikon D3500 huwaka bila taabu. Lakini Canon, katika baadhi ya kamera zake za wanaoanza, ilikiondoa kinundu hicho. Miongoni mwazo ni EOS 2000D na EOS 4000D za mwaka 2018, pamoja na EOS 250D ya mwaka 2019. Kamera hizo huuzwa pia kwa majina mengine: 2000D ni 1500D au Rebel T7, na 4000D ni 3000D au Rebel T100. Mwenye kamera ya aina hii akinunua flashi ya kinundu kimoja, amenunua taa isiyosikia amri.

Basi swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: je, kamera yangu ina kinundu cha katikati? Ikiwa hakipo, njia ya salama ni flashi za Canon yenyewe. Kwa mwenye fedha chache zipo ndogo kama Speedlite 270EX II na Speedlite EL-100, ambazo kila moja hutumia betri mbili tu za AA. Baadhi ya flashi za kampuni nyingine zilizotengenezwa kwa ajili ya Canon nazo hufanya kazi, lakini mtu asiamini maneno matupu. Aijaribu juu ya kamera yake mwenyewe.

Ikiwa kinundu kipo, swali la pili ni kama mnunuzi ataka flashi ya kupangwa kwa mkono au inayojipima. Ya mkono ni rahisi kwa bei, lakini kila mara watu wanaposogea ni lazima kurekebisha nguvu yake. Inayojipima, ambayo huandikwa TTL, hupima mwanga kupitia lenzi na kujirekebisha yenyewe. Kwa anayepiga picha za harusi au mahafali, ambako watu hawatulii, hii ya pili yastahili kuongezewa fedha. Kwa Nikon ziko SB-300 na SB-500 za kampuni yenyewe. Godox nao hutengeneza TT350 na TT685 kwa kampuni mbalimbali, na herufi ya mwisho ndiyo yenye maana: C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony. Anayekosea herufi hiyo moja hupoteza huko kujipima alikolipia.

Swali la tatu ni nguvu. Kila flashi huwa na namba ya nguvu yake. Ukiigawanya kwa namba ya tundu la lenzi, unapata umbali ambao mwanga utafika, kwa mita, kamera ikiwa kwenye ISO 100. Kitaa kilichomo ndani ya Canon 2000D kina namba 9.2. Lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ikivutwa mwisho, tundu lake ni 5.6. Gawanya: ni kama mita 1.6 tu. Ukipandisha ISO hadi 400 umbali huongezeka maradufu, mita 3.3. Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini mzee alibaki gizani, kwani tulisimama mbali zaidi ya hapo. Flashi ndogo yenye namba 26, kwa ISO hiyo hiyo ya 400, hufika mita 9. Lakini mnunuzi atahadhari: namba ya 60 iliyoandikwa kwenye boksi la TT600 ilipimwa mwanga ukiwa umekusanywa kwa mbali, kwenye 200mm. Ukitawanywa kuenea ukumbini, nguvu hupungua.

Jambo la nne ni kichwa cha flashi. Kinachoweza kuinuliwa huuelekeza mwanga kwenye dari nyeupe ya karibu, nao hurudi laini usoni mwa watu bila kuacha kivuli kikali ukutani. Dari ikiwa ndefu mno njia hii haifai. Turubai la rangi nalo huzipaka nyuso rangi yake. Tukumbuke pia kwamba 2000D na D3500 hazipaswi kuzidi kasi ya 1/200 ya sekunde wakati wa kutumia flashi. Zikizidi, sehemu ya picha huwa nyeusi.

Kuhusu flashi zilizokwishatumika, ipo hatari moja. Baadhi ya flashi za enzi za filamu hupitisha volti zaidi ya 200 kwenye kinundu, na umeme huo waweza kuiunguza kamera ya kidijitali. Kama haijulikani ni ya lini, ni heri kuiacha.

Na aliyekwishakosea kama sisi asiitupe flashi yake. TT600 na YN560 IV zina hali iitwayo S2, ambamo flashi huwekwa kando, juu ya meza au stendi, na kuwaka pale inapouona mwanga wa kitaa cha kamera. Ndivyo tuifanyavyo ile yetu leo. Mwezi uliopita tuliiweka juu ya kabati ukumbini, wahitimu wa madrasa wakapigwa picha mmoja mmoja, na kila uso ukaonekana. Tatizo ni kwamba wageni wakipiga picha kwa flashi zao, nayo huwaka pamoja nao. Kwa mahafali inatosha. Kwa harusi bado tunachangishana tupate nyingine.

Safari hii tumekubaliana katika kikao kwamba atakayetumwa dukani aende na kamera, betri zikiwa zimejaa. Ataipachika flashi juu yake na kubonyeza kitufe cha kamera, si cha flashi, kisha aitazame picha yenyewe kwenye kioo. Ikitoka angavu, ndipo alipe.