Mtu Mmoja kwa Sura Sita: Juu ya Sinema ya Maisha ya Bob Dylan

Desturi ya kuandika habari za maisha ya mtu ina njia yake iliyokwisha kukanyagwa sana. Huanza kwa kuzaliwa, hufuata utoto na shida zake, kisha mafunzo, kisha kazi na sifa, na mwisho mauti. Sisi tunaofundisha twaijua njia hiyo, maana ndiyo tunayowapa wanafunzi wetu wanapoambiwa waandike habari za mzee wa mji wao. Wenye kutengeneza picha za sinema nao waifuata. Mwaka 2004 ilitoka sinema ya maisha ya Ray Charles, na mwaka 2005 ikatoka nyingine ya Johnny Cash, wote wawili waimbaji wa Marekani. Anayezitazama moja baada ya nyingine hustaajabu: katika zote mbili mtoto afiwa na ndugu yake wangali wadogo, na msiba ule wafanywa kuwa ufunguo wa mambo yote yaliyomfika baadaye, madawa aliyoyatumia, ndoa zake na nyimbo zake. Misiba hiyo ilitokea kweli, hatukatai. Lakini kutokea ni jambo moja, na kuwa ufunguo ni jambo jingine.

Mwaka 2007 mwongozaji wa sinema wa Marekani, Todd Haynes, aliiacha njia hiyo kabisa. Alitengeneza sinema juu ya mwimbaji Bob Dylan, akaiita I'm Not There, maana yake "Mimi Sipo Pale". Twataka kuieleza hapa, si kwa sababu ya ugeni wake tu, bali kwa kuwa yagusa swali linalowahusu wote wanaokusanya nyimbo za watu, yaani: huyo "mimi" wa katika wimbo ni nani?

Kwanza habari za mtu mwenyewe. Alizaliwa tarehe 24 Mei 1941 mjini Duluth, katika nchi ya Minnesota kaskazini mwa Marekani, akaitwa Robert Allen Zimmerman. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake alikuwa na duka la vyombo vya umeme huko Hibbing, mji wa wachimba chuma, ambako mtoto alikulia. Januari 1961 alifika New York na gita lake, akawaambia watu habari nyingine kabisa: kwamba ni yatima, kwamba alitembea tangu utoto na watu wa michezo ya barabarani. Mwaka 1962 alilibadili jina lake kwa sheria, akawa Bob Dylan. Mwaka 1963 gazeti la Newsweek liliufichua uzazi wake, naye akakasirika sana. Tangu hapo hakukaa mahali pamoja. Alianza kwa nyimbo za jadi za watu, akatunga za kuonya serikali na matajiri, akaziacha, akashika gita la umeme, akajificha mashambani, akawa Mkristo wa kuhubiri jukwaani, akayaacha mahubiri yale. Mwaka 2016 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi, jambo lililowagawanya wasomi, maana wengine walisema kwamba wimbo si kitabu.

Mtu wa namna hiyo utamwelezaje kwa njia moja? Haynes hakujaribu. Aliwachukua waigizaji sita, kila mmoja akampa jina lake, umri wake na wakati wake. Mmoja ni mtoto, mmoja ni mwanamke, mmoja ni mzee wa mvi. Habari zao hazifuatani bali zimesukwa pamoja kama ukili, na kila moja ina namna yake ya picha, nyingine za rangi, nyingine nyeusi na nyeupe. Kati ya hao sita hakuna hata mmoja aitwaye Bob Dylan.

Wa kwanza ndiye tunayemwona kuwa wa maana kuliko wote. Ni mtoto mweusi wa miaka kumi na mmoja, ameigizwa na Marcus Carl Franklin, naye ajiita Woody Guthrie. Asafiri kwa kujipenyeza katika mabehewa ya mizigo ya gari la moshi, ana gita, na juu ya mfuko wa gita ameandika kwamba chombo hicho chaua Mafashisti. Mwaka ni 1959, lakini mtoto azungumza na kuimba habari za taabu za wafanyakazi wa miaka ya 1930, kana kwamba aliziona. Anapokaribishwa chakula nyumbani kwa watu weusi, mama wa nyumba amsikiliza, kisha amwambia waziwazi kwamba yafaa aimbe habari za wakati wake mwenyewe. Mtoto ashikwa na haya.

Woody Guthrie wa kweli alikuwa mzungu wa Oklahoma, aliyezaliwa mwaka 1912, mtunzi mkuu wa nyimbo za wafanyakazi na wasafiri maskini. Dylan alimpenda kupita kiasi, akamwiga sauti, mavazi na mwendo, na mwaka 1961 akaenda kumwimbia hospitalini New Jersey, alikolala na maradhi yaliyomwua mwaka 1967. Basi, kwa nini mzungu wa Minnesota anayemwiga mzungu wa Oklahoma aonyeshwe kama mtoto mweusi? Wako waliosema ni mzaha. Sisi twaona kwamba ni deni linalotajwa kabla ya mambo mengine yote. Nyimbo alizojifunza Dylan zilikuwa nyingi katika hizo za watu weusi: bluzi, na nyimbo za dini za wakati wa utumwa. Wimbo wake uliovuma kuliko zote, "Blowin' in the Wind", alioutunga mwaka 1962, sauti yake ilitokana na wimbo wa watumwa uitwao "No More Auction Block", unaoaga soko la kuuzia watu. Mwenyewe alilikiri jambo hilo. Hata wimbo aliomsifu Guthrie, katika santuri yake ya kwanza ya mwaka 1962, aliuimba kwa sauti ya wimbo wa Guthrie mwenyewe. Katika nyimbo kumi na tatu za santuri ile, alizotunga yeye zilikuwa mbili tu.

Mtu wa leo aliyezoea sheria za mali ya watunzi aweza kusema kwamba huo ni wizi. Lakini wanaojua nyimbo za jadi wajua kwamba ndivyo zinavyoishi. Mwanamke anayetwanga akiimba kwamba mumewe amemwacha, hakuna jirani anayekwenda kumsuta mumewe. "Mimi" wa wimbo ule si yeye; ni nguo ambayo kila mwimbaji huivaa kwa zamu, akaiacha na jasho lake kidogo. Na kwetu pwani tunaye Fumo Liyongo, ambaye nyimbo nyingi zasemwa kuwa ni zake, lakini wataalamu wapishana kwa karne nyingi juu ya wakati alioishi. Aliyetaka kumtafuta Liyongo mmoja kwa kuunganisha kila "mimi" wa nyimbo hizo angeshindwa. Kosa hilohilo walilifanya watu wengi juu ya Dylan: walisikia akisema "mimi", wakadhani wamemshika.

Lakini deni lina upande wa pili, nao ni mchungu. Wenye sauti zile za kwanza hawakupata fedha wala tuzo zilizompata yeye. Sinema hailisemi hilo kwa hotuba. Yamweka tu yule mtoto mweusi mwanzoni, mwenye jina la mtu mwingine, akikimbia, na humo njiani wazururaji wamshambulia behewani, naye aanguka mtoni. Kila tunapowaona wale watano wengine, wakubwa na wenye sifa, twamkumbuka.

Wa pili ni kijana aliyeketi mbele ya watu wanaomhoji, aitwaye Arthur Rimbaud, kwa jina la mshairi wa Ufaransa aliyeishi 1854 hadi 1891, yule aliyeacha ushairi akiwa kijana, akaishia kufanya biashara Aden na Harar. Sehemu hii ni fupi, lakini mwalimu wa lugha ataifurahia jina lake. Katika barua za mwaka 1871 Rimbaud alichukua neno la Kifaransa lenye maana ya "mimi" akaliandamisha na kitenzi cha "yeye", kwa makusudi, kuonyesha kwamba anayesema si yule anayemdhania. Kiswahili chetu hakiruhusu mchezo huo kwa urahisi, kwa kuwa nafsi imeshonwa ndani ya kitenzi chenyewe.

Sehemu iliyosifiwa kuliko zote ni ya Jude Quinn, yaani Dylan wa miaka ya 1965 na 1966, wakati alipoacha gita la kawaida akashika la umeme. Ameigizwa na mwanamke, Cate Blanchett wa Australia, aliyepewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike mjini Venice mwaka 2007 kwa kazi hiyo. Twaweza kuona sababu. Picha za Dylan za wakati ule zimezoeleka mno. Nywele zile na miwani ile myeusi zimebandikwa ukutani kote duniani. Mwanamume angeziiga, nasi tungesema "amefanana". Mwanamke anapoziiga, twarudi kuona jinsi mtu yule alivyokuwa kitu kigeni machoni pa watu wa siku zake, mwembamba, mwenye wasiwasi, wa ulimi mkali. Wapenzi wa nyimbo za jadi walimwona kuwa msaliti. Mjini Manchester, tarehe 17 Mei 1966, mmoja katika wasikilizaji alimpigia ukelele akimwita Yuda. Wasomaji wetu wanaojua Biblia ya Kiingereza watakumbuka kwamba Waraka wa Yuda humo huitwa Jude. Hatudhani kwamba jina hilo lilichaguliwa kwa bahati.

Twafika kwa yule atakayewashughulisha zaidi makasisi. Christian Bale aigiza Jack Rollins, mwimbaji wa nyimbo za haki za wanyonge katika miaka ya 1960. Jack apewa heshima karamuni, alewa, asema kwamba aliona kitu cha nafsi yake katika mtu aliyemwua Rais Kennedy, kisha atoweka. Dylan alisema maneno ya namna hiyo kweli, Desemba 1963, majuma machache baada ya mauaji. Miaka yapita, na twamwona Jack tena California: amejifunza Biblia, ameitwa Mchungaji John, ahubiri na kuimba katika kanisa dogo mbele ya watu wachache. Dylan hakupata kuwa mchungaji. Lakini mwanzoni mwa 1979 alihudhuria mafunzo ya Biblia California, na katika maonyesho yake ya mwisho wa mwaka ule aliimba nyimbo za imani tu, akakataa zile zilizomtajirisha, na wengi walimzomea.

Waandishi wengi wa habari zake huipita miaka hiyo upesi, kama watu wanaopita penye harufu. Wengine huieleza kama homa iliyomshika ikamwacha. Haynes hakufanya hivyo. Katika waigizaji wote sita ni huyu Bale peke yake aliyepewa vipindi viwili vya maisha vilivyo mbalimbali, na sura yake ni ileile: yule aliyewaonya wakubwa kwa gita ndiye anayewaonya wenye dhambi kwa Injili. Kwa maana hiyo mahubiri hayakuwa kujigeuza, bali labda ndipo alipobadilika kidogo kuliko mahali pote. Na wimbo anaouimba Mchungaji John waachwa uimbwe bila kejeli, ingawa kanisa ni la kimaskini na mavazi ni ya kuchekesha.

Sehemu mbili zilizobaki hazina nguvu hiyo. Heath Ledger aigiza Robbie, mchezaji wa sinema ambaye ndoa yake yavunjika wakati vita ya Vietnam inapomalizika. Ni nzuri, hasa kwa mkewe aliyeigizwa na Charlotte Gainsbourg, lakini ni ya desturi. Richard Gere aigiza Billy the Kid, mnyang'anyi wa zamani aliyejificha katika mji uitwao Riddle, yaani Kitendawili, na hapo sinema yatanga sana. Tena asiyejua lolote juu ya Dylan atapotea mapema. Aliye hivyo na aanze na sinema ya mwaka 2024, A Complete Unknown, iliyotengenezwa na James Mangold, yuleyule wa sinema ya Johnny Cash. Hiyo yaeleza miaka minne tu, tangu 1961 hadi 1965, kwa mwigizaji mmoja na kwa mfuatano mnyofu.

Wako wanaosema kwamba sura sita ni njia ya kukwepa: badala ya kutuambia mtu ni nani, mwongozaji amemficha. Shutuma hiyo ina uzito. Mwenye sura sita hawajibiki kwa lolote. Mke aliyeachwa amdai nani? Haynes naye alifanya kazi kwa idhini ya Dylan, na idhini ina bei yake. Hata hivyo twaona kwamba sinema hii yasema kweli mahali ambapo zile nyofu husema uongo, nayo ni katika viungo. Kati ya Jack na Mchungaji John, kati ya mtoto na Jude, haikutia "kwa sababu hiyo". Imeacha pengo, kama lilivyo.

Wimbo ulioipa sinema jina Dylan aliurekodi mwaka 1967 katika chumba cha chini cha nyumba moja karibu na Woodstock, akauacha. Haukutolewa rasmi kwa watu hadi mwaka 2007, pamoja na sinema hii. Na mwisho kabisa, baada ya hao sita kwenda zao, ndipo Dylan wa kweli aonekanapo, katika picha za mwaka 1966. Uso umeletwa karibu sana. Anapuliza kinanda cha mdomo kwa muda mrefu, wala haimbi neno.