Irving Fisher: Mtabiri wa Uchumi Aliyekosea na Somo Alilotuachia

Taarifa rasmi za uchumi hubeba mambo mawili kwa pamoja: hesabu ya yaliyokwisha kutokea na maoteo ya yanayotarajiwa. Tofauti kati ya mambo hayo inaonekana wazi katika maisha ya Irving Fisher, mchumi na mwandishi wa Marekani.

Fisher alizaliwa mwaka 1867 katika Jimbo la New York, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1891, na kufundisha hapo kwa miaka mingi. Mwaka 1922 alichapisha kitabu cha The Making of Index Numbers, kinachochambua namna ya kupima mabadiliko ya bei za bidhaa nyingi kwa namba moja. Fahirisi yenye jina lake ingali inatumiwa na watakwimu.

Katika utabiri, mambo yalikuwa tofauti. Oktoba 1929 alitamka hadharani kuwa bei za hisa zilikuwa zimefikia kiwango cha juu kitakachodumu. Siku chache baadaye soko la hisa la New York liliporomoka. Fahirisi ya Dow Jones, iliyofikia pointi 381 Septemba 1929, ilishuka hadi pointi 41 Julai 1932. Fisher, aliyekuwa amekopa ili kununua hisa, alipoteza utajiri wake. Chuo cha Yale kilinunua nyumba yake na kumpangisha humo.

Mtabiri mwingine, Roger Babson, alionya kuhusu mporomoko huo tarehe 5 Septemba 1929. Hata hivyo, alikuwa ametoa maonyo ya aina hiyo kwa muda mrefu, na waliomsikiliza mapema waliuza hisa zao huku bei zikiendelea kupanda.

Fisher hakuishia kwenye kosa lake. Mwaka 1933 alichapisha makala kuhusu uhusiano wa madeni na kushuka kwa bei. Kwa mfano, mkulima anayedaiwa dola 100 wakati gunia la ngano linauzwa dola 2 atalipa kwa kuuza magunia 50. Bei ikishuka hadi dola 1, atahitaji magunia 100, ingawa deni halijaongezeka. Wadaiwa wengi wakiuza mali kwa pamoja ili walipe, bei huzidi kushuka na mzigo huwa mzito zaidi. Wachumi waliirejea hoja hiyo baada ya msukosuko wa fedha duniani wa mwaka 2008.

Fisher alifariki dunia mwaka 1947. Kwa msomaji wa matangazo ya uchumi, maisha yake yanahimiza maswali matatu: Je, namba iliyotajwa ni kipimo au ni oteo? Oteo hilo limejengwa juu ya dhana zipi, kama vile hali ya mvua au bei ya mafuta? Na dhana hizo zikibadilika, limerekebishwa lini? Ni vema kujiuliza hayo kabla ya kukopa, kupanda au kuuza kwa kutegemea namba hiyo.