Kwa nini ilibidi kifaa kirushwe kutoka Ngomeni

Huku kwetu Kasikeu, usiku usio na mawingu nyota hujaa hadi watu huniuliza: mbona wanasayansi wasilete darubini zao vilimani petu, badala ya kuhangaika na roketi?

Kwa nyota za kawaida, sawa. Kwa mionzi ya urujuanimno, hapana. Hii ni mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ile inayochoma ngozi na kupausha mapazia. Iliyo kali zaidi humezwa juu huko na hewa na tabaka la ozoni. Isingekuwa hivyo, tusingeishi. Kinachotuokoa ndicho kinachoipofusha darubini, hata uipandishe Kilimanjaro.

Ndiyo maana tarehe 25 Machi 1988 setilaiti ya San Marco D/L ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililo baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba kifaa cha kupima urujuanimno wa jua. Mionzi hiyo huipasha joto hewa ya juu, hewa ikatanuka na kuzikwaza setilaiti hadi zianguke. San Marco yenyewe ilianguka Desemba mwaka huohuo.

Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa hapohapo mwaka 1970, husifiwa sana, na ni haki yake. Hii ya 1988 sijasikia ikitajwa, hata Malindi kwenyewe.