Salim Rashid Suri: mpigaji udi aliyefichwa na jina lake la utani

Jina la utani limemdhulumu Salim Rashid Suri. Ghuba nzima humwita baharia mwimbaji, na picha inayokuja kichwani ni ya kijana aliyekaa sitahani, amepakata udi, akiimba ili masafa yapungue. Ubaharia aliufanya kweli. Lakini nyimbo alizotuachia hazikutoka kwa baharia aliyekuwa akijiburudisha. Zilitoka kwa mpigaji aliyeijua kazi yake, aliyerekodi santuri Bombay katika miaka ya 1930, na baadaye akawa na kampuni yake mwenyewe ya santuri huko Bahrain, Salimphone. Namwandikia msomaji wa Kiswahili kwa sababu maisha ya mtu huyu yalipita katika njia walizopita wazee wetu, na bado hatumjui.

Naandika nikiwa Adam, Oman, mji wa mwisho mwisho wa Dakhiliya kabla jangwa halijaanza. Hapa ndipo alipozaliwa Imamu Ahmad bin Said, mwasisi wa utawala wa Busaidi, ambao matawi yake yalifika mpaka Unguja nilikozaliwa mimi. Tuna mitende, tuna mifereji ya falaji, tuna barabara kuu iendayo Salalah. Bahari hatuna. Na nyuzi pia hatukuwa nazo: ngoma ya huku bara ni razha, wanaume kwa safu na panga zao, wakijibizana mashairi juu ya ngoma mbili, rahmani na kasir. Wanazuoni wetu wa Kiibadhi hawakuzipenda ala za nyuzi, na katika miji iliyokuwa chini ya Uimamu wa Nizwa mtu hakutembea na udi mkononi. Nilipofika kutoka Unguja nikiwa kijana, na taarabu bado imejaa masikioni, ukimya huo ulinishangaza kuliko joto.

Ukitoka Adam ukapitia Sinaw na Ibra, ukateremka mpaka Sur, unakuta Oman nyingine. Sur ni mji wa mafundi wa majahazi. Majahazi yake yaliondoka na kaskazi kuanzia Desemba, yamebeba tende na samaki wa chumvi, yakaenda Lamu, Mombasa, Unguja, na mengine mpaka Rufiji, kisha yakangoja kusi ili yarudi na boriti za mikoko. Watu na ngoma zao walipanda pia. Ndiyo maana mpaka leo pwani ya Oman ina lewa, ngoma ya zumari inayoimbwa kwa maneno ya Kiswahili, na huko Sur lipo maidani, majibizano ya mashairi yenye asili hiyo hiyo ya Afrika. Salim alizaliwa katika mji huo yapata 1910, akakulia ndani ya sauti hizo. Kwao hawakuridhia mtoto wao awe mwimbaji. Akaingia chomboni.

Safari za baharini zilimfikisha Afrika Mashariki na pwani ya magharibi ya India. Bandari kwa mpigaji wa enzi ile zilikuwa madrasa: unatia nanga, unangoja upepo wiki kadhaa, jioni unakwenda walipo wapigaji wengine, unasikiliza mkono wao. Mtindo uliomvuta ni ule wanaouita sauti, muziki wa mijini wa Kuwait na Bahrain. Mwasisi wake anayetajwa zaidi, Abdullah al-Faraj wa Kuwait, naye aliishi Bombay katika karne ya 19, na aliichota kwa Wayemeni na kwa Wahindi. Anaanza mpiga udi. Zinaingia marwasi, ngoma ndogo za pande mbili, na makofi yanayokatana na mapigo yake. Mwimbaji anaanza polepole, shairi linapanda, watu wawili wanainuka kucheza zafani katikati ya baraza, na mwisho wimbo unafungwa kwa kipande maalumu kiitwacho taushiha. Kuna sauti ya Kiarabu yenye mapigo sita na sauti ya Kishami yenye mapigo manne. Mtu wa Unguja akiisikia mara ya kwanza hujiona yuko ugenini, lakini si mbali na kwao.

Bombay ndipo Salim alipotulia. Alikuwa dalali na mkalimani wa wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuja na lulu, tende na farasi wakarudi na mchele na nguo. Kiurdu alikijua hata akakiimba, akakichanganya na Kiarabu ndani ya wimbo mmoja. Na Bombay ndiko kulikokuwa na mashine za kurekodi. Msomaji wa Zanzibar hapa atakumbuka jambo: Machi 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda mji huo huo, kuimbia kampuni ya His Master's Voice, yenye nembo ya mbwa anayesikiliza santuri. Miaka michache baadaye Salim akairekodia kampuni hiyo hiyo. Mwanamke wa Fumba na mwanamume wa Sur, wote wawili kutoka jamii ambazo hazikutegemea wangefika huko, walirekodi kwa kampuni moja katika mji mmoja. Kila nikilifikiria jambo hili moyo wangu unajaa.

Tufikirie kazi yenyewe ilivyokuwa. Sahani ya santuri ya siku zile ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya inchi kumi uliingiza kama dakika tatu tu. Sauti barazani inaweza kwenda robo saa bila mtu kuchoka. Sasa uambiwe: anza, panda, tia taushiha, maliza, dakika tatu. Ukikosea, unaanza upya na gharama inapanda. Mtu wa kujiimbia sitahani haiwezi kazi hiyo. Inamtaka anayejua kupima, anayejua ubeti upi ubaki na upi uachwe, na mkono usiotetemeka mbele ya maikrofoni. Hapo ndipo ninaposema jina la baharia limetufichia fundi.

Mpwa wangu hapa Adam anapiga gitaa, na anachopenda ni jazi laini ya Marekani. Shujaa wake ni George Benson, ambaye albamu yake Breezin' ya 1976 ilimfanya ajulikane dunia nzima, na ambaye huimba noti zile zile anazozipiga, mdomo na kidole pamoja. Jioni moja nikamwekea rekodi ya Suri. Akasikiliza mpaka mwisho, akairudisha.

"Mjomba, huyu hana pa kushika?"

Alikuwa anauliza shingo ya udi. Shingo ya gitaa imepigwa vichuma vinavyokuonyesha noti iko wapi. Ya udi ni laini tupu, kidole ndicho kinachotafuta. Nikamwambia hana, mwanangu, na ndiyo maana anaweza kuingia katikati ya noti zako mbili akakaa hapo. Maqamu, ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, zinaitaka nafasi hiyo ya katikati. Nikamwonyesha pia jambo ambalo kwa Benson analijua: udi unatangulia kusema, sauti ya mtu inajibu, kisha vyote viwili vinakutana mwishoni mwa ubeti. Tofauti ni kwamba mpiga udi ana nyuzi zilizopangwa mbili mbili. Mpwa wangu siku hizi anajaribu kuzitafuta zile noti za katikati kwa kuuvuta uzi wa gitaa pembeni. Hazijamtii sana, lakini anajua anatafuta nini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Salim alihamia Bahrain, kisiwa ambacho tayari kilikuwa na mabingwa wa sauti. Muhammad bin Faris, aliyefariki 1947, na mwanafunzi wake Dahi bin Walid walikuwa wameuweka mtindo huo juu sana. Mgeni kwenda kuimba sauti Bahrain ni sawa na kupeleka tende Nizwa. Salim alikwenda, akapokewa, na hakuishia kuimba: akaanzisha Salimphone. Naupima uamuzi huo kuwa mkubwa kuliko wimbo wake wowote. Waimbaji wengi wa enzi ile, wa huku na wa kwetu Afrika, walilipwa mara moja wakaondoka, na kampuni ikauza sahani kwa miaka. Yeye aliiona faida inakokwenda, akajiweka upande huo wa meza na kurekodi chini ya jina lake.

Nyumbani alirudi 1971, mwaka mmoja baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka na kuwaita Waomani waliotawanyika. Wimbi hilo hilo ndilo lililotuleta wengi wetu kutoka Unguja, Pemba na Mombasa. Redio ya Oman ilikuwa imeanza 1970, changa na yenye njaa ya sauti za wenyewe, na mzee wa miaka 60 aliyefukuzia muziki ng'ambo akakuta nchi yake sasa inamtaka aimbe. Alifariki 1979, mwaka ambao kwetu upande wa pili wa bahari tulimpoteza mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe katika ajali karibu na Mombasa. Mwaka 1983 Oman ikafungua kituo chake cha muziki wa asili, kinachokusanya na kuhifadhi nyimbo za mikoa yote, za Sur zikiwamo.

Mtu akiniuliza aanzie wapi, namshauri aanze na rekodi za Bombay kabla ya zile za uzeeni. Zina mkwaruzo, na masikio ya leo yatalalamika dakika ya kwanza. Usimfuate mwimbaji kwanza. Fuata udi mpaka marwasi ziingie, kisha usikilize makofi, halafu umrudie yeye. Utasikia ilivyo tabu kuubana muziki wa baraza ndani ya dakika tatu, na alivyoufikisha kwenye taushiha bila haraka kuonekana.